MITI YA MTAA: NI YA NANI, NA IKAE WAPI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Ng'ambo, Mji wa Unguja. Tumeichapa kama ilivyosomwa.)



Nimetakiwa niseme juu ya miti na bustani za mji. Najua wako waliotazamia kusikia leo khabari za uchaguzi au za bei ya mchele, na Katibu alipoitaja mada yangu nimewaona wawili watatu wakitazamana. Sina lawama nao. Nawaomba tu wanistahamilie, kwani nitakayoyasema si ya maua ya kutiwa katika gilasi. Ni khabari ya ardhi, na ardhi ya watu wote ikishapotea hairudi kwa kura.

Tuanze na majina ya mitaa yetu, ambayo tunayataja kila siku bila ya kuyasikiliza. Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Mwembemakumbi, Miembeni. Hiyo ni miembe peke yake. Kisha Michenzani, Mikunguni, Kikwajuni, Migombani. Ukivuka kuingia Mji Mkongwe utakuta Mkunazini na Mtendeni, na uwanja ulioko baina ya pande mbili za mji waitwa Mnazi Mmoja. Wazee wetu hawakuwa na nambari za nyumba. Aliyetaka kumwelekeza mgeni alimwambia nenda mpaka penye mti fulani, kisha uulize. Mti ndio uliokuwa anwani, ndio uliokuwa kivuli, na ndio uliokuwa baraza. Nadhani Mwembeshauri haukuitwa hivyo bure. Leo nendeni Michenzani mkanitafutie mchenza wa kukaa chini yake. Tumerithi majina, na vilivyoitwa kwa majina hayo tumeviacha vikatwe kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa na udhuru wake: huu umezuia gari, huu una mizizi, huu umeingia katika msingi wa nyumba ya bwana fulani.

Na watu wanazidi. Katika hisabu ya mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Katika hisabu ya 2022 wakawa 893,169. Katika miaka 10 tumeongezeka kama laki tatu, na kila mtu katika hao ataka chumba, choo, njia na pahala pa kuegesha pikipiki. Silaumu watu kujenga. Nasema kwamba mji ukijaa hivyo pasipo kuandikwa mapema ni wapi pasipojengwa, basi patajengwa kote, na hapana atakayekuwa amevunja amri, kwa kuwa amri yenyewe haikuwapo.

Sasa tutazame bustani tulizo nazo. Zenye jina ni mbili. Ya kwanza ni ile iliyokuwa ikiitwa Victoria, na sasa yaitwa Jamhuri. Palikuwa ni mahala pa mabibi wa jumba la Sayyid Barghash, na mwishoni mwa karne ya 19, zama za Sayyid Hamoud, pakafunguliwa kwa watu kwa kumtukuza Malkia wa Kiingereza. Katika jumba lililomo mle ndimo Baraza la Kutunga Sheria lilimokuwa likikutana tangu 1926 mpaka 1964. Ya pili ni Forodhani. Hapo palikuwa na mabanda ya forodha. Bandari ilipohamia Malindi katika miaka ya 1920 pakabaki wazi, na mwaka 1936 pakafanywa bustani ya Jubilee kwa kutimia miaka 25 ya Sayyid Khalifa bin Haroub katika kiti. Mwaka 2009 ilifunguliwa upya, baada ya kutengenezwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, na kazi ilikuwa nzuri, mwenye macho hawezi kuikanusha.

Lakini liangalieni jambo hili, ndugu zangu. Bustani zote mbili zilitolewa kwa kumtukuza mfalme, na zote mbili ziko upande mmoja wa mji. Hapana hata moja iliyotengenezwa kwa sababu ya kuwa mtoto wa Ng'ambo ataka kivuli saa nane mchana. Mtu wa Fuoni au wa Chukwani akitaka kuwapeleka wanawe Forodhani, ampe utingo nauli ya kwenda na ya kurudi, na akifika huko harufu ya mishikaki iwapate watoto, atoe tena mfukoni. Hiyo ni safari ya sikukuu. Mimi sisemi juu ya sikukuu. Nasema juu ya Jumanne.

Mtu atanijibu kwamba tuna viwanja: Mnazi Mmoja, Maisara, uwanja wa watoto wa Kariakoo. Vyote ni kheri na tuvishike. Lakini kiwanja cha mpira ni kiwanja cha mpira, kizuri alasiri na cha moto mchana, na aghalabu wenye kukitumia ni vijana wanaume. Bibi mwenye mjukuu, mgonjwa anayejizoeza kwenda, mwanafunzi anayetafuta pa kusomea, mama anayetaka kukaa nusu saa nje ya chumba chake bila ya kuulizwa amefuata nini: hawa hawana pao. Na Mnazi Mmoja penyewe, kila bamvua kubwa bahari hutukumbusha kwamba pale palikuwa pake.

Si kwamba mji huu umekosa ramani. Mwaka 1923 alituchorea Lanchester, Mwingereza. Mwaka 1958 akatuchorea Kendall, naye Mwingereza. Mwaka 1968 akaja Scholz, Mjarumani wa Mashariki, na mwaka 1982 wakaja Wachina. Ramani nne, na wachoraji wote wametoka nje. Ile ya 1968 ndiyo iliyotuletea majumba marefu ya Michenzani yanayoitwa treni, na ili yasimame zilivunjwa nyumba nyingi za watu. Wako wanaoyasema vibaya majumba yale, na wanayo haki yao. Mimi nina sifa moja nayo: nafasi iliyoachwa baina yake. Nafasi pana kama ile katikati ya Ng'ambo hatutaipata tena kwa fedha. Katika miaka ya 2010 mafundi wa mipango ya miji wa hapa petu, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, walifanya kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, wakapita mitaani wakawauliza watu, na mwaka 2019 kikatoka kitabu kizima cha ramani za Ng'ambo na taarikh yake. Mwenye kukipata akisome. Jina lile Tuitakayo lanipendeza, kwani laelekeza swali kwetu sisi.

Ama tulitakalo mimi nalisema kwa maneno machache: bustani ndogo, iliyo karibu, katika kila mtaa, yenye kutunzwa na wenye mtaa, na iliyoandikwa katika daftari la Serikali ili isiweze kuuzwa usiku. Bustani moja kubwa ya kuwaonyesha wageni haitoshi, na mti uliopandwa na mkubwa mbele ya wapiga picha kisha ukaachwa ukakauka si bustani.

Katika mkutano uliopita ndugu mmoja alisimama akasema: sisi twataka maji, umeme na dawa hospitalini, nyinyi mwatuletea maua? Swali lake ni la haki, na sitaki limezwe kwa makofi. Basi nitamjibu moja moja.

Ametaja maji. Kisiwa cha Unguja hakina mto mkubwa. Maji tunayokunywa yamo chini, katika mawe ya matumbawe, na mengine hutoka katika chemchemi. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alipotaka kuwapa watu wa mji maji safi aliyaleta kwa mfereji kutoka chemchemi ya Bububu. Na msitu wa Masingini, juu ya mji, unalindwa mpaka leo kwa sababu ya maji na si kwa sababu ya kuni. Mvua ikianguka penye miti na udongo laini, huingia chini taratibu ikaongeza akiba. Ikianguka penye saruji na mabati, haina pa kuingia, hukimbilia mabondeni ikawatoa watu majumbani mwao. Ndugu zetu wa Sebleni na wa Mwanakwerekwe hawana haja ya kusomeshwa somo hili na mimi. Katika mradi wa huduma za mji ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za Benki ya Dunia ilijengwa mitaro mikubwa, na ukuta wa bahari wa Mizingani pia. Mtaro ni kitu chema. Lakini mtaro huichukua mvua kuipeleka baharini, na mti huichukua mvua kuipeleka kisimani. Mji wenye kiu wataka vyote viwili, na kisima kilicho karibu na pwani kikivutwa kupita kiasi bila ya kurejeshewa huingia chumvi.

Ametaja hospitali. Mwaka 1984 mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Roger Ulrich, alitoa uchunguzi alioufanya katika hospitali moja ya Pennsylvania. Aliwatazama wagonjwa waliopasuliwa nyongo, akawalinganisha wawili wawili, jumla yao 46. Nusu walilala penye dirisha linalotazama miti, na nusu penye dirisha linalotazama ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa kwenda makwao mapema zaidi, na dawa kali za maumivu walizohitaji zilikuwa chache. Hiyo ni kuuona mti tu, si kukaa chini yake. Na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, tawi lake la Ulaya, lilitoa shauri kwamba kila mkaazi wa mji awe na mahali pa miti, pasipopungua nusu hekta, yaani kama ekari moja na robo, katika masafa yasiyozidi mita 300 kutoka kwake. Ni mwendo wa dakika tano kwa mtu mzima. Kwetu ekari moja na robo katika kila mtaa ni taabu kuipata, nakubali. Basi tushike ile mita 300, na ukubwa tuchukue kadiri utakavyopatikana, hata kama ni pahala pa mkungu mmoja na baraza mbili.

Ametaja umeme. Nyumba iliyofunikwa na kivuli upande wa machweo haiombi feni mpaka usiku wa manane. Mti hupoza kwa njia mbili: huzuia jua lisifike ukutani, na majani yake hutoa mvuke unaoipoza hewa. Mimi nauza feni dukani mwangu, na bado nawaambieni.

Lipo na jambo ambalo ndugu yetu hakulitaja, nalo ni ndege na wadudu na vyote vyenye uhai alivyovijaalia Mwenyezi Mungu vikae pamoja nasi. Mtoto wa mjini leo anamjua kunguru, na baada ya kunguru hana wa pili. Na kunguru huyu mweusi si mwenyeji. Aliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akazila, kisha akageukia mayai na makinda ya ndege wadogo. Katika miaka ya 1990 paliendeshwa kampeni ya kumpunguza, akapungua kwa wingi, na kazi ilipolegea akazaana upya. Nalitaja hili kwa sababu moja. Penye jaa pana kunguru. Penye mzambarau na ua la asumini na pasipo jaa hurudi shorewanda, na chozi, na tetere. Kwa hivyo bustani ya mtaa huanza kwa kuondoshwa taka, kabla ya mche wa kwanza.

Sasa niingie katika mambo ya ufundi, kwani kupanda si kuchomeka tu. Nitasema niliyoyaona na niliyoyauliza kwa wakulima wenye mikono yao.

Mnazi ni mti wetu wa fakhari, lakini si mti wa bustani ya watoto. Kivuli chake humtosha mtu mmoja, na nazi ikianguka haichagui kichwa. Mkungu ndio bora kwa mtaa: hukua upesi, matawi yake hutanda ghorofa ghorofa, na hustahamili upepo wa chumvi. Aibu yake ni kupukutisha majani, basi pawe na mfagizi. Mwembe una kivuli kizito na wataka subira, na wataka pia mzee mkali karibu yake, kwani msimu wa embe mawe ya watoto huvunja vioo. Mzambarau hupendwa na ndege na watoto sawasawa, ila msiupande penye kamba za kuanikia nguo. Doa la zambarau mnalijua. Mwarobaini hustahamili kiangazi na hauna makuu. Mvinje ni wa ukingo wa pwani. Ama mtini na jamaa zake, huo ni mti wa kifalme; tazameni ule wa Mizingani, ambao wapokezi wanasema ulipandwa na Sayyid Khalifa mwaka 1911, na chini yake manahodha wa madau hukaa mpaka leo. Lakini mizizi yake huvunja kuta na mabomba. Utiwe mbali na nyumba, au usitiwe kabisa.

Chini ya miti mikubwa patiwe vya harufu: mkilua, asumini, mrehani, mlangilangi pembeni. Mnaweza kucheka, lakini mimi naona bustani ambayo mwanamke wa Unguja hakupata humo ua la kutia katika kikuba itakuwa ni ya wanaume tu, hata kama haikuandikwa mlangoni.

Miti mikubwa iwekwe upande wa magharibi wa baraza, kwa sababu jua linaloumiza ni la alasiri. Upande wa kusini na wa kaskazini uachwe wazi, tupate upepo wa Kusi na wa Kaskazi kila mmoja kwa zamu yake. Mji huu ulijengwa kwa pepo hizo, haifai tuziwekee ukuta. Saruji isimwagwe mpaka shingoni mwa mti. Nimeona pahala pengi mti umekabwa hivyo, kisha watu wakishangaa kuwa umekufa. Uachiwe duara la udongo, hatua mbili kila upande, na udongo ule uwe chini kidogo kuliko njia ili mvua iuendee. Baraza zijengwe kwa mawe na chokaa, za kuegemea, moja katika hizo iwe imejitenga lakini inaonekana, wapate kukaa akina mama kwa sitara na kwa amani. Pawe na taa, na njia isiyo na ngazi, apite mwenye gari la mkono na mwenye kiti cha magurudumu. Na pasiwe na mlango wa tikiti. Bustani ikitiwa tikiti imekuwa duka, na duka mimi nalijua.

Kazi kubwa ni miaka miwili ya mwanzo. Mche uliopandwa masika huonekana umeshika. Kaskazi ikija, Januari na Februari, ndipo hufa. Ndoo moja kila siku ya pili yatosha, lakini iwe na mwenyewe. Ikisemwa "mtaa utamwagia", hapana atakayemwagia. Iandikwe: mti huu ni zamu ya nyumba fulani. Na uzungushiwe fito, kwani mbuzi hajui mkutano uliamua nini.

Msidhani mambo haya hayakuwezekana popote. Singapore ni kisiwa ambacho hakifiki nusu ya Unguja kwa ukubwa, na kina watu zaidi ya milioni 5. Mwezi wa Juni 1963 waziri mkuu wao, Lee Kuan Yew, alipanda mti kuanzisha kampeni, na mwaka 1967 wakatangaza kuwa wataka mji wao uwe mji wa bustani. Tangu 1971 wana siku yao ya kupanda miti kila mwaka, na mwaka 1975 wakatunga sheria ya bustani na miti, mtu asikate mti mkubwa atakavyo. Serikali yao ilikuwa ngumu kwa wapinzani wake, na sisi tulio katika upinzani hatuwezi kuitamani. Naitamani sheria yao ya miti.

Na kwa nini nasema sheria? Nitawaeleza kisa. Katika mtaa mmoja, sitoutaja, palikuwa na kiwanja kidogo chenye mwembe mmoja. Watoto walicheza pale, arusi zilipigiwa pale, maiti wa nyumba zilizobanana walitayarishiwa turubali pale. Asubuhi moja tukakuta mabati yamezungushwa. Tukenda, mimi na wazee wanne, katika afisi moja. Wakatupokea vizuri, wakasema ramani ya kiwanja kile iko katika afisi nyingine. Tukenda afisi nyingine. Wakatupokea vizuri vile vile, wakasema ramani imepelekwa katika afisi ya kwanza. Tulipokuwa tukienda na kurudi mwembe ulikatwa, na leo pana milango sita ya maduka. Mmoja katika wazee wale aliniuliza njiani: "Karatasi yako wewe iko wapi?" Sikuwa nayo, wala hapana mtu aliyekuwa nayo. Sote tulikuwa na kumbukumbu tu, na kumbukumbu haipigwi muhuri.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 yasema ardhi ya Zanzibar ni ya umma, imewekwa chini ya Rais kwa niaba ya watu wake. Vyema. Kama shamba la mtu ni la umma kwa asili yake, kiwanja ambacho umma wenyewe unakitumia kila siku ni cha umma mara mbili. Tunalolidai si jipya. Twadai kila kiwanja kipimwe, kitiwe katika ramani, kipewe nambari, na atakayetaka kukibadilisha matumizi abandike tangazo pale pale penye kiwanja, kwa Kiswahili, kabla ya bati la kwanza.

Na iko njia nyingine ambayo wazee wetu waliijua kabla ya afisi hizi. Katika visiwa hivi mti waweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi. Wangapi hapa wamerithi minazi au mikarafuu katika shamba lisilo lao? Na wangapi wanajua msikiti unaopata mafuta na mikeka kutokana na minazi ya wakfu? Mtume wetu, sala na salamu zimfikie, ametufunza kwamba Muislamu akipanda mche, wakala katika huo binaadamu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Ametufunza pia kwamba hata aliye na mche mkononi na Kiyama kinasimama, aupande akiweza. Akaikataza miti ya Madina isikatwe ovyo, na akakataza kuchafua kivuli ambacho watu hukitumia. Basi kwa nini asipatikane mtu wa kheri akaweka wakfu mkungu mmoja kwa ajili ya mtaa wake, na akaandikisha? Mwenye kununua tofali la msikiti humtia mwanawe katika dua. Mwenye mti atatiwa katika dua na kila aliyepumzika. Nawaomba masheikh waliopo walitazame jambo hili kwa upande wa fiqhi, na wakinisahihisha nitashukuru.

Limebaki moja, nalo ni zito, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama leo.

Wazee waliopo wanazikumbuka zama za siasa, tangu 1957 mpaka Mapinduzi, namna watu walivyogomeana. Huyu hanunui duka la yule, yule hapandi basi la huyu, hata mazishi watu wakayasusia kwa sababu ya chama. Mimi sikuwahi kuyaona, lakini nimeyasikia kwa wazazi wangu, na alama zake nimeziona mpaka katika siku zetu: maskani hii ina rangi hii, maskani ile ina rangi ile, na mpita njia hujua asikae wapi. Sasa nawaambia nyinyi wanachama wenzangu, na najua baadhi yenu hamtapenda. Katika bustani ya mtaa bendera yetu isipandwe. Wala isiandikwe ukutani kwamba miti hii imepandwa na chama chetu. Tukifanya hivyo, siku ya pili watakuja wengine na mapanga yao, nao watasema wanakata chama, si mti. Bendera tunayo mahala pake, kwenye tawi. Na wale wanachama wetu wenye vibanda juu ya viwanja vya watu, ambao wanapiga makofi kwa nguvu katika mkutano huu, waanze wao kuviondosha, kabla hatujamnyoshea kidole mtu wa chama tawala. Mwenyekiti ananitazama, lakini nimekwisha sema.

Kazi yenyewe ni hii. Kila tawi lichague watu watatu, na mmoja wao awe mwanamke. Wapite mitaa yao, wasizidi mwezi mmoja. Kila kiwanja kilicho wazi waandike jina lake linalotumika, mipaka yake kwa hatua, miti iliyopo, nani hukitumia na saa ngapi, na ni nyumba zipi zinakizunguka. Wapige picha kwa simu zao. Simu tunazo, tumezizoea kwa mambo mengine. Waandike nakala tatu. Moja apelekewe sheha, na aitie saini kuwa ameipokea. Najua wako masheha wasiotupenda. Wapelekewe vile vile, na kwa adabu. Ya pili ipelekwe Baraza la Manispaa lenye mtaa huo, ama la Mjini, ama la Magharibi A, ama la Magharibi B. Ya tatu ibaki kwa mzee mmoja wa mtaa, si lazima awe mwanachama wetu.

Kokwa za mkungu na za embe zianze kuatikwa sasa katika mifuko, ili mwezi wa Machi masika yakianza tuwe na miche iliyofika magotini. Mwenye kuhitaji mifuko ya nailoni ya kuatikia aje dukani, sitamtoza.

Karatasi za kuorodheshea ziko mezani kwa Katibu. Kila tawi lichukue mbili, moja ikilowa ibaki nyingine.